Mama Tone na Mstari wa Arobaini na Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi katika jengo hili, Mama Tone alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Juni, saa sita kamili mchana. Saa naitaja kwa sababu ilikuwa na uzito wake, kama mtakavyoona. Wengi wenu mlisoma wasifu wake kwenye kijitabu cha sherehe, kile chenye picha yake ya zamani akiwa na miwani mikubwa. Kijitabu kile kiliandikwa wiki tano kabla, na aya yake ya nne si kweli tena. Yeye mwenyewe ameomba jarida hili la wafanyakazi liandike upya, na ameomba niandike mimi.

Kwa wasionijua, mimi ni yule wa ubaridi, mnayemwita Baridi. Natunza viyoyozi viwili vikubwa vya chumba cha mashine, nabeba vinavyobebwa, na napanda ngazi pale ambapo wenye shahada hawapandi. Nilikuja mji huu kutafuta kazi nikiwa na elimu ya darasa la saba ambalo sikulimaliza, na kwetu ni mbali, siku mbili za basi. Mhariri alipomwuliza Mama Tone kwa nini asiandike profesa mmojawapo, alijibu, "Wao wataandika walichosoma. Huyu ataandika alichoona." Basi naandika nilichoona, na penye hesabu nisiyoielewa nitasema siielewi.

Hakuanza kazi hapa akiwa mtafiti. Aliajiriwa kuingiza takwimu kwenye kompyuta ya kwanza ya idara, ambayo ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo na akili, kwa maneno yake, ya kikokotozi cha dukani. Alikuwa akipewa karatasi azichape kama zilivyo. Tatizo ni kwamba alikuwa akizirudisha zikiwa na alama nyekundu, kwa sababu wakubwa walikuwa wanakosea kujumlisha. Mkuu wa wakati huo alichoka kuona aibu, akamwambia aende akasome. Alisoma kwa kuunga-unga, jioni na likizo, akiwa na mtoto mgongoni, hadi akapata shahada ya tatu. Mzee wake nyumbani ni fundi saa. Watu wa hapa walipenda kusema kwamba mume anatengeneza sekunde na mke anazikatakata, na hawakuwa mbali na ukweli.

Kazi yake alinieleza nikiwa juu ya ngazi, mwaka wangu wa pili hapa, nikibadilisha kichujio cha hewa juu ya meza yake.

"Ngazi hiyo nani kakushikia?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna mtu.

"Sasa shuka haraka, usivunjike, ndiyo kazi yangu hiyo."

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa anasema kweli. Ndani ya kila mwili, alisema, kuna DNA, maandishi marefu yenye herufi nne. Mwanga mkali wa jua, ile mionzi isiyoonekana inayochubua ngozi, ukiigonga herufi moja, unairusha juu kama mtu aliyepandishwa ngazi bila kuulizwa. Herufi hiyo inatakiwa ishuke upesi. Ikishuka upesi, nguvu ile yote inageuka joto kidogo na maisha yanaendelea. Ikichelewa juu, inaweza kushikana vibaya na jirani yake, na hapo maandishi yanaharibika. Upesi wenyewe si upesi wetu. Gawa sekunde mara milioni, kisha chukua kipande kimoja ukigawe tena mara milioni. Hakuna jicho la kuona hivyo, kwa hiyo wanaiigiza safari hiyo ndani ya kompyuta, hatua kwa hatua.

Na pembeni mwa ngazi kuna kibaraza. Herufi nyingine hazishuki moja kwa moja. Zinakanyaga kibaraza zinakwama. Kinachoamua kama kibaraza kiko juu au chini, karibu au mbali, ni kile kimiminika ambamo herufi inaogelea. Kwenye hewa kavu herufi ina tabia moja, kwenye spiriti ina tabia nyingine, na kwenye maji ni kama mtu mwingine kabisa. Vimiminika hivyo wenyewe wanaviita viyeyushi. Mama Tone ameviigiza vingi, lakini maji ndiyo yalikuwa ndoa yake ya pili.

Jina la Tone lilitoka kwenye ugomvi. Zamani wengi hapa walikuwa wanaiweka herufi katikati ya kitu alichokiita maji ya ukungu: huoni tone lolote, unaiambia tu kompyuta kwamba pande zote kuna unyevu wa kiasi fulani. Ni rahisi na ni haraka. Yeye akasema ukungu haushiki ngazi, wanaoshika ngazi ni watu wenye mikono, na akataka kila tone lihesabiwe peke yake, na mikono yake miwili. Katika mkutano mmoja mtu alimwuliza kwa kejeli kama anataka kuhesabu bahari. Akajibu kwamba anataka matone mia nne na kumi na mawili tu, bahari wabaki nayo. Jina likamganda.

Naomba niseme kisa kimoja changu, kwa sababu bila hicho mengine hayataeleweka. Kwenye mlango wa chumba cha mashine kuna daftari la joto, linaloandikwa asubuhi na alasiri. Nilipoanza kazi nilimkuta aliyenitangulia anaandika 22, nami nikaandika 22. Asubuhi 22, alasiri 22. Kipimajoto kilikuwa nyuma ya kabati, mtu anahitaji kuinama na tochi, na chumba kilikuwa baridi, kila mtu alikuwa anajua hivyo. Siku moja Mama Tone alisimama mlangoni akafunua kurasa, moja, mbili, tano. Akasema, "Chumba hiki kina nidhamu kuliko jeshi." Kisha akanipa tochi. Kipimajoto kilisoma 26. Hakunishtaki. Ila kuanzia siku hiyo alinitaka niandike namba niliyoiona na sentensi moja chini yake, na kila Ijumaa alipitia sentensi zangu kwa kalamu nyekundu. Kama makala hii inasomeka, kalamu ile ndiyo sababu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Aya ya nne ya kile kijitabu inasema kwamba miaka kumi na tisa iliyopita Mama Tone alionyesha kuwa herufi mojawapo, ikiwa ndani ya maji, theluthi moja ya safari zake hukwama kwenye kibaraza. Matokeo hayo ndiyo yaliyompa sifa. Picha yake, yenye ngazi ya rangi na kibaraza chekundu, ilitundikwa kwenye fremu pale ukumbini karibu na lifti. Wanafunzi tisa walijenga tasnifu zao juu ya picha hiyo. Wageni wakija, Mkuu wa idara anawasimamisha hapo kwanza kabla ya kuwapa viti.

Idara hii ina utaratibu wake wa makabidhiano. Anayestaafu haachi faili hivi hivi. Anakaa na anayerithi, anamsomea kila faili kwa sauti, mstari kwa mstari, naye mrithi anatia alama. Wengi hukimbiza zoezi hilo kwa siku moja. Mama Tone alitenga wiki nzima. Mrithi wake ni mwanafunzi wake wa mwisho, ambaye tunamwita Cherehani kwa jinsi anavyoongea.

Ijumaa, tarehe 30 Mei, nilikuwa juu ya ngazi chumbani mwao nikiziba bomba la hewa lililokuwa linavuja. Chini yangu walikuwa wanasoma lile faili ambalo kila mtu analiita faili la mama, yaani lile ambalo kila hesabu ya hapa huanza kwa kulinakili. Lina mistari kama mia tatu ya alama na namba. Nilikuwa nasikia sauti yake ikienda kama mtu anayesoma orodha ya majina msibani. Thelathini na nane, sawa. Thelathini na tisa, sawa. Arobaini, sawa. Arobaini na moja.

Cherehani akasema, "Sawa, twende, arobaini na mbili." Mama Tone hakwenda. Aliweka kidole kwenye karatasi akakiacha hapo. Nilishuka ngazi mbili nione kama anaumwa.

Mstari ule, kwa jinsi nilivyoelezwa baadaye, unaiambia kompyuta iyagandishe maji. Matone yote yapo, mia nne na kumi na mawili, na mikono yake, lakini yamepigiliwa misumari. Herufi inarushwa juu, inahangaika, na wale wanaoshika ngazi hawasogei hata kidole, kama masanamu. Aliuandika yeye mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, kompyuta ikiwa dhaifu, kwa jaribio la wiki moja la kuona kama faili linakwenda. Alikusudia kuufuta. Faili likaenda, likanakiliwa, nakala ikanakiliwa, na katika kundi la watu ambao kazi yao ni kutazama maji, hakuna aliyeutazama tena mstari ule. Kila mtu alijua uko sawa kwa sababu faili lilitoka kwa Mama Tone.

Aliinua uso akaniangalia pale kwenye ngazi. Akasema taratibu, "Baridi, na mimi nimekuwa naandika ishirini na mbili."

Cherehani aliivuta karatasi akausoma mstari mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Mama Tone alikwenda kwa Mkuu na ombi moja: apewe kabati zima la zamani, lenye kompyuta ishirini na nne, arudie safari mia mbili na maji yakiwa huru. Kila safari inakula takribani siku tatu kwenye kompyuta moja. Piga hesabu mwenyewe, ni siku ishirini na tano. Kabati lile lilikuwa limepangiwa kuzimwa na kuondolewa siku ile ile anayostaafu, saa sita mchana, na akaunti yake ifungwe hapo hapo. Kuanzia Jumatatu saa sita hadi Ijumaa ile ya mwisho saa sita ni siku ishirini na tano. Hakukuwa na hata nusu siku ya kuchezea.

Mlango ulikuwa wazi nami nilikuwa ukumbini, sitajifanya sikusikia.

"Mama," Mkuu alisema, "kijitabu kiko kwa mchapaji. Hakuna mtu aliyeuliza."

"Nimeuliza mimi."

"Unaweza kumwachia Cherehani. Mwaka kesho, mashine mpya, taratibu."

"Mwaka kesho atakuwa anamsahihisha bibi aliyekwenda zake. Nataka nijisahihishe nikiwa bado na kitambulisho mfukoni."

Mkuu si mtu mbaya. Alikuwa anaiona picha ile ukumbini ikishuka, na jina la idara pamoja nayo. Alikubali. Saa sita kasorobo kabati lilianza kunguruma.

Wiki tatu zilikwenda vizuri kiasi cha kutia wasiwasi. Kila asubuhi Mama Tone alihesabu safari zilizofika akaandika ubaoni idadi tu, bila kuonyesha zilizokwama. Alikataa kuchungulia kabla ya mwisho. Mzee wake alikuwa anapiga simu saa saba kila siku kumwuliza kama amekula, na kila siku alijibu "nakula", huku mkononi hana kitu.

Jumanne, tarehe 24 Juni, saa nne asubuhi, kiyoyozi cha kulia kilikufa. Sikuhitaji kuambiwa. Nilisikia kompresa ikigonga mara tatu kama mtu anayebisha hodi, kisha kimya. Kipuri chake kinaagizwa nje na kinachukua siku kumi. Nje kulikuwa na joto la kukausha mate, na kiyoyozi kimoja kilibaki kinabeba makabati mawili: la zamani lenye maji ya Mama Tone, na jipya lenye mradi mkubwa wa Mkuu. Ikifika nyuzi thelathini na tano mashine zote zinajizima zenyewe, za zamani na mpya, bila kuuliza ni ya nani.

Mkuu alinipa agizo mbele ya watu, na lilikuwa agizo la haki. "Ikifika thelathini na tatu, zima la zamani. Usinipigie simu kuniuliza."

Kwa hiyo mkono wa kuzima ulikuwa wangu.

Usiku ulikuwa unatusaidia, joto la nje likishuka. Hatari ilikuwa mchana, kati ya saa sita na saa kumi. Jumanne tulifika thelathini na moja. Kiyoyozi kinatupa joto lake nje, nyuma ya jengo, kupitia mtambo wenye mapezi kama redieta ya gari, na mtambo huo ukimwagiwa maji unapumua vizuri zaidi. Jumatano nikatoa mpira wa bustani nikaanza kuumwagia. Dakika ishirini baadaye Mama Tone alitokea na viatu vyake vya ofisini, akanyoosha mkono.

"Lete. Wewe nenda kasome kipimajoto."

"Mama, utalowa."

"Nimeishi na maji miaka thelathini na mmoja, leo ndiyo mara ya kwanza yananigusa. Lete."

Tukapeana zamu, yeye, mimi na Cherehani. Kila robo saa niliinama na tochi nikaandika. Thelathini na moja nukta nne. Thelathini na moja nukta tisa. Nilikuwa naandika kwa penseli, kwa sababu jasho lilikuwa linafuta wino.

Alhamisi ndiyo iliyotaka kutumaliza. Saa nane mchana nilisoma 32.6. Hapo hapo maji ya mpira yakapungua nguvu, yakawa yanachuruzika kama mkojo wa mbuzi. Maabara za juu walikuwa wanaosha vyombo vyao vya kioo, ghorofa tatu, mabomba yote wazi. Cherehani alipanda ngazi mbio. Walioko ghorofa ya tatu wanasema aliingia akasema kwa pumzi moja, "Fungeni bomba, chini kuna maji yanahesabiwa," na wakafunga bila kuelewa, kwa woga tu. Maji yakarudi. Lakini kipimajoto hakikushuka. Kilisoma 32.8.

Nitasema kilichokuwa kichwani mwangu, kwa sababu nimeombwa niandike nilichoona, na hilo pia niliona. Niliona kwamba nikizima, safari zake zinakatikia njiani. Akaunti inafungwa kesho. Picha inabaki ukumbini. Anapigiwa makofi, anakwenda nyumbani kwa fundi saa wake na jina lake zima, na hakuna wa kulaumiwa, agizo lilikuwa agizo. Palikuwa na tofauti ya nukta mbili tu kati ya alichokisema Mkuu na kilichosomeka, na nukta mbili penseli inaziandika bila kusita. Huyu ni mtu aliyenifundisha kuandika. Nyumbani nimekosa mazishi mawili kwa ajili ya kazi. Hapa yeye ndiye aliyeketi nami mara zote mbili. Nilitaka kumpa kitu.

Nilitoka nje nikamkuta na mpira, sketi imelowa hadi magotini. Sikumwambia nilichofikiri. Nilimwambia tu namba.

Hakugeuka. Aliendelea kumwaga. "Baridi," alisema, "ikifika thelathini na tatu, zima, wala usije kuniaga. Lakini ikiwa thelathini na mbili nukta tisa, usizime kwa kunihurumia."

Nikarudi ndani. Niliinama. Ilikuwa 32.9. Niliandika 32.9, na chini yake sentensi: "Bado."

Kilichotuokoa ni kitu cha kuchekesha. Mkuu alikuja nyuma ya jengo kuangalia, tai imelegea, akasimama akautazama mtambo, kisha akaitazama gari yake. Anaiegesha pale kila siku kwa ajili ya kivuli, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mapezi, na siku zote nimemwambia inaziba hewa. Aliingia ndani ya gari, akairudisha nyuma, akaenda kuiegesha kwenye jua kali upande wa pili. Mtambo ukavuta pumzi, nikausikia. Saa tisa na robo nilisoma 32.3. Saa kumi nilisoma 31.5. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu na tochi ya simu yake, akanimulikia.

Ijumaa saa sita kamili kabati la zamani lilizimwa na mkono wangu, kama ilivyopangwa. Safari mia moja tisini na saba zilikuwa zimefika. Tatu hazikufika. Ndipo Mama Tone akafungua matokeo yaliyokuwa yamenakiliwa kwenye kompyuta ya Cherehani, Cherehani upande mmoja, Mkuu upande mwingine, mimi mlangoni. Kati ya hizo mia moja tisini na saba, zilizokwama kwenye kibaraza ni tisa.

Tisa. Kwa maji yaliyoganda ilikuwa theluthi moja. Maji yakiachwa huru, yanapoiona herufi inashuka, yanajisogeza nayo, mikono inaachia hapa na kushika pale, na karibu kila mtu anafika chini salama. Sifa yote ya miaka kumi na tisa ilikuwa ni sifa ya masanamu.

Mama Tone akaomba kalamu. Akaunti yake ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo aliandika kwa mkono barua ya masahihisho ya kupelekwa kwenye jarida lililochapa matokeo ya zamani. Cherehani alipendekeza iandikwe "takribani safari mia mbili". Mama Tone aliandika mia moja tisini na saba. Barua ya pili ilikwenda, kupitia barua pepe ya Cherehani, kwa wale wanafunzi tisa wa zamani. Mmoja wao, ambaye sasa ni profesa wa mbali, alijibu kabla ya sherehe kuanza: "Mama, tuma faili jipya." Wengine sita wamejibu mpaka leo, na si wote waliojibu kwa upole. Wawili bado wako kimya, na hilo linamwuma, sitaficha.

Alasiri kwenye sherehe, Mkuu alisoma kijitabu kama kilivyo mpaka aya ya nne. Hapo alisita. Habari ilikuwa imeshapanda ghorofa zote tatu. Mama Tone akasema kutoka kwenye kiti chake, "Soma tu, Mkuu. Nimekuja na kalamu yangu nyekundu." Watu walicheka, Mkuu akasoma, naye akasimama akasahihisha, theluthi moja kwa tisa kati ya mia moja tisini na saba, kwa sauti ile ile ya kusoma faili. Alipomaliza, makofi yalichelewa kidogo. Yalipokuja yalikuwa marefu. Mzee wake alikuwa safu ya mbele, akitazama saa yake, nadhani ili asionekane macho.

Picha ya ukumbini aliiteremsha mwenyewe. Msumari ameuacha. Amesema Cherehani atatundika yake, na akikosea ataiteremsha yake.

Mafanikio yake mengine yako kwenye kijitabu na ni ya kweli, nimeambiwa na wanaojua. Mimi nitaongeza moja. Faili jipya la mama limeshakabidhiwa. Mstari wa arobaini na moja haukufutwa kabisa. Umezimwa, na pembeni yake kuna maneno yake, na jina lake kamili, na tarehe: "Nilikosea hapa miaka kumi na tisa. Maji yaachwe yatembee. Wewe unayenakili, soma."

Mama Tone, kwa niaba ya idara, mapokezi, maabara, walinzi na sisi wa mabomba na ngazi, tunakushukuru kwa kila tone. Tunakuombea miguu mikavu, mchana wenye kivuli, na mlo wa saa saba ulioliwa kweli, maana sasa mzee wako atakuwa anaona kwa macho yake. Maisha yako ya mbele yawe mema na yasiwe na haraka.

Kwa taarifa yako tu: mpira wa maji nimeuviringisha, uko karibu na mlango wa nyuma. Gari ya Mkuu bado inalala juani. Kabati la zamani limeondoka, chumba kimepoa, na leo asubuhi kipimajoto kilisoma 22. Niliinama mara mbili na tochi ndipo nikaandika.